Si kila maradhi ya jeni ni maradhi ya kurithi

Juma hili tunaanza na barua. Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu kwa miaka mingi, ametuandikia kuwa mumewe alifariki dunia mwaka jana kwa saratani ya mapafu. Marehemu alikuwa na umri wa miaka 58, na alivuta sigara tangu ujanani. Katika siku za mwisho za ugonjwa wake, daktari aliwaeleza jamaa waliokuwa wakimuuguza kwamba saratani ile ilitokana na kuharibika kwa jeni. Jamaa walisikiliza, wakarudi nyumbani, na neno lile likarudi nao. Lilipofika barazani lilikuwa limekwisha kugeuka: ikawa marehemu alikuwa na "maradhi ya jeni", na maradhi ya jeni, kama ilivyosemwa pale barazani, huteremka kwa watoto.

Eda ilikwisha, miezi ikapita, na kijana wa mama huyu, mwenye umri wa miaka 27, akapeleka posa. Posa ilipokewa vizuri. Wiki tatu baadaye ilirudishwa, kwa adabu na kwa maneno ya kuzunguka, hata mshenga alipobanwa ndipo akasema: wazee wa binti wanawaogopea wajukuu wao. Mama anatuuliza swali moja: je, ni kweli mwanawe amebeba saratani ya baba yake?

Tunajibu mwanzoni kabisa, ili asiyefika mwisho wa safu hii asikose jawabu. La. Uharibifu wa jeni unaoleta saratani ya mapafu aghalabu hutokea ndani ya seli za pafu la mtu mmoja, katika uhai wake, na huzikwa pamoja naye. Haupiti kwa watoto. Lakini jawabu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu. Yeye hutaka kujua sababu. Kwa hiyo tutalieleza jambo hili tangu asili yake, yaani tangu pafu lilipokuwa bado halijawa pafu.

Kitabu kimoja, kila mmoja na juzuu yake

Mwanadamu huanza kwa seli moja. Maagizo yaliyomo ndani yake yametoka nusu kwa baba na nusu kwa mama: kromosomu 23 kwa huyu na 23 kwa yule. Maagizo hayo yameandikwa katika vinasaba, na kila fungu la maagizo lenye kazi yake huitwa jeni. Tuna jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini za mwili. Seli ile moja hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na kila mara maandishi yote hunakiliwa upya. Ndiyo maana seli ya ngozi, seli ya ini na seli ya pafu, zote hubeba kitabu kilekile, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Basi kwa nini ini si pafu? Kwa sababu seli haisomi kitabu kizima. Msomaji aliyewahi kuhudhuria khitma atalielewa hili upesi: kitabu ni kimoja, lakini kila aliyeketi hupewa juzuu yake, na khitma hutimia kwa kila mmoja kusoma alichopewa. Mwilini pia, seli ya ini hufungua kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa, na seli ya pafu hufanya vivyo hivyo. Mgawanyo huo husimamiwa na jeni maalumu ambazo kazi yake ni kuziwasha na kuzizima jeni nyingine.

Pafu la mtoto huanza kujitokeza katika wiki ya nne ya mimba. Wakati huo njia ya chakula ya kiumbe ni mrija mmoja mwembamba. Katika sehemu ya mbele ya mrija huo, seli chache hupokea ishara kutoka kwa seli jirani, na ndani yao huwashwa jeni ambayo wataalamu huiita NKX2-1. Seli hizo ndizo zitakazokuwa njia ya hewa na mapafu. Seli nyingine za mrija uleule, ambazo hazikuwashiwa jeni hiyo, zitakuwa umio, tumbo la chakula na viungo vingine. Kwa maneno mengine, pafu na tumbo ni ndugu waliotoka katika mrija mmoja, wakatenganishwa na amri. Watafiti walipozalisha panya wasio na jeni hii, njia yao ya hewa haikutengana na njia ya chakula, na mahali pa mapafu palitokea vifuko visivyoweza kupumua.

Baada ya hapo pafu huchipua mfano wa mti. Ishara iitwayo FGF10 hutoka katika nyama inayolizunguka na kuziita ncha zake zisonge mbele. Panya waliokosa ishara hiyo walizaliwa bila mapafu kabisa. Seli zilizo nchani huongozwa na jeni iitwayo SOX9 ziendelee kuchipua. Zinazobaki nyuma huongozwa na nyingine, SOX2, zitulie na kujenga kuta za njia za hewa. Mwisho wa matawi yote hutokea vifuko vidogo vya hewa, na humo seli hugawana kazi mara ya mwisho. Za aina ya kwanza huwa bapa na nyembamba mno, ili hewa ipenye kuingia katika damu. Za aina ya pili hubaki nene, na hutoa utando wa mafuta na protini unaozuia vifuko visinywee na kugandamana kila mtu anapotoa pumzi.

Ukurasa uliofunguliwa kwa sindano

Utando huo ndio unaokosekana kwa watoto njiti. Seli zao za aina ya pili hazijafika wakati wa kuutengeneza wa kutosha, na vifuko vya hewa hunywea baada ya kila pumzi. Daktari Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead waliibainisha sababu hiyo mwaka 1959 nchini Marekani. Mwaka 1963 Rais John F. Kennedy wa nchi hiyo alizaliwa mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati wake, naye akafariki kwa maradhi hayo baada ya siku mbili. Baba yake alikuwa mtawala wa taifa lenye nguvu kuliko yote, lakini tiba ilikuwa haijapatikana.

Mwanzo wa tiba ulipatikana New Zealand, kwa wanakondoo. Profesa Graham Liggins aligundua kuwa wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati walipumua kuliko ilivyotarajiwa ikiwa walipewa dawa ya jamii ya homoni wakiwa bado tumboni. Mwaka 1972, yeye na Ross Howie walitangaza kuwa kina mama waliodungwa sindano ya dawa ya namna hiyo kabla ya kujifungua njiti, watoto wao walinusurika zaidi. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Bangladesh, India, Pakistan, Nigeria na hapa jirani Kenya, na ukathibitisha kuwa sindano ya deksamethasoni hupunguza vifo vya watoto njiti pia katika hospitali za nchi zisizo tajiri.

Tumeleta habari hii kwa sababu ina funzo linalogusa swali letu. Sindano ile haimwongezei mtoto jeni yoyote. Jeni za kutengeneza utando alikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Homoni huingia ndani ya seli na kuhimiza ukurasa usomwe mapema kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kusomwa, kutosomwa au kusomwa vibaya ni jambo jingine. Wazee wa binti walichanganya mambo haya mawili, na si wao peke yao.

Seli inapopoteza juzuu yake

Mtu anapokuwa mzima, seli nyingi za pafu hukaa katika kazi zao. Lakini pafu hupata majeraha kila siku, kwa vumbi, kwa vijidudu na kwa moshi. Hapo seli za aina ya pili hugawanyika, na baadhi ya watoto wake hugeuka kuwa za aina ya kwanza na kuziba pengo. Mwenyezi Mungu amewajaalia hawa walinzi wa nyumba uwezo wa kufanya tena kazi ya ujenzi, kisha kutulia.

Moshi wa tumbaku una kemikali ambazo hunata kwenye herufi za vinasaba. Seli inapokuja kunakili kitabu chake, herufi iliyonatiwa husomwa vibaya, na kosa huingia katika nakala. Makosa mengi kati ya hayo huangukia mahali pasipo na madhara. Mengine huangukia pabaya. Iko jeni iitwayo KRAS, ambayo huiambia seli igawanyike inapohitajika na itulie isipohitajika. Herufi moja tu ya jeni hiyo ikibadilika mahali fulani, amri ya kugawanyika haizimiki tena. Iko nyingine, p53, ambayo ni mlinzi: huisimamisha seli yenye makosa au kuiamuru ife. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kuwa kemikali moja ya moshi wa sigara hunata katika herufi zilezile za jeni ya p53 ambazo hukutwa zimeharibika katika saratani ya mapafu.

Kosa moja aghalabu halitoshi. Hujilimbikiza moja juu ya jingine, kwa miaka mingi, na hii ndiyo sababu mtu huanza sigara akiwa na miaka 20 na ugonjwa humtokea akikaribia 60. Seli ambayo ilipaswa kujenga kisha itulie, hujenga bila kikomo. Kadiri saratani inavyokua, seli zake huweza kusahau hata zilikuwa nani. Katika uvimbe wa panya wenye kosa la KRAS, watafiti walipoiondoa jeni ya NKX2-1, ile iliyolitenga pafu tangu mimbani, seli za uvimbe wa pafu zilianza kufanana na seli za tumbo la chakula. Ziliirudia juzuu ya yule ndugu waliyetengana naye katika mrija mmoja. Kwa hiyo madaktari wanaopima kinyama cha uvimbe huitafuta protini ya jeni hii. Ikionekana katika saratani za aina fulani, huwa ni dalili kubwa kwamba uvimbe ulianzia pafuni.

Lini maradhi huteremka, lini hayateremki

Sasa tunaweza kumjibu mama yetu kwa hoja. Mtoto hapewi seli ya pafu la baba yake. Hupewa seli moja ya uzazi ya baba na moja ya mama, na kutokana na hizo mbili mwili wake wote hujengwa. Kosa lililotokea katika seli ya pafu la baba akiwa na miaka 45 halina njia ya kumfikia mtoto. Tena mtoto mwenyewe alikwisha kuzaliwa zamani. Makovu ya mkono wa fundi seremala hayaonekani katika mikono ya wanawe, ingawa wamefanana naye sura.

Tofauti ni maradhi kama selimundu. Pale kosa la herufi moja katika jeni ya damu limo katika kila seli ya mwili, hata seli za uzazi, na hurithiwa. Mwanamume na mwanamke wenye jeni hiyo moja moja huwa wazima, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kumleta mtoto mgonjwa. Ugonjwa huu umeenea katika nchi zetu. Kama wazee wa pande mbili wanataka kuwalinda wajukuu kwa kipimo kabla ya nikaha, hiki ndicho kipimo chenye maana, na si aibu kukiomba wala kukifanya.

Uadilifu unatulazimu tuseme na haya. Zipo koo chache sana duniani ambazo hurithi jeni inayomweka mtu karibu na saratani, ya mapafu ikiwamo. Aghalabu koo hizo hujulikana kwa wagonjwa wengi, na wengine huugua wakiwa vijana. Tena, mtu ambaye mzazi au ndugu yake aliugua saratani ya mapafu huwa na hatari iliyozidi kidogo ya wengine, na sehemu ya ziada hiyo ni kwa kuwa watu wa nyumba moja huvuta hewa moja. Hata hivyo, kuzidi kidogo kwa hatari si kubeba ugonjwa, na mzee mmoja aliyevuta sigara kwa miaka mingi akaugua hatoshi kuutia doa ukoo mzima.

Tuseme pia kwamba si kila mgonjwa wa saratani hii alivuta sigara. Wapo, hasa wanawake wengi wa Asia ya Mashariki, ambao uvimbe wao hutokana na kosa katika jeni nyingine, EGFR, na tangu mwaka 2004 imejulikana kuwa kosa hilo huitikia dawa maalumu. Tangu mwaka 2021 iko dawa kwa aina moja ya kosa la KRAS pia. Hivyo daktari anapotaka "kupima jeni", mara nyingi anakusudia jeni za uvimbe, ili achague dawa. Hapimi nasaba ya mtu. Tunawasihi madaktari wetu waongeze sentensi hiyo moja wanapozungumza na jamaa. Ingeweza kuiokoa posa hii.

Mstari wa mwisho wa barua

Tungependa kuishia hapa, lakini barua ina mstari mmoja ambao mama aliuweka mwishoni, kana kwamba hauna uzito. Anasema kuwa tangu baba yake afariki, kijana hakai nyumbani jioni. Hukaa na wenzake kwenye shisha, na sigara ameanza, "kwa mawazo".

Mama yetu, hapa ndipo penye urithi wa kuogopwa. Jeni zilizoharibika alikwenda nazo baba kaburini. Sigara imebaki, na kijana ameiokota mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uvutaji husababisha takriban asilimia 85 ya saratani zote za mapafu, na mwaka 2022 pekee saratani hii iliua watu wapatao milioni 1.8 duniani. Maji ya shisha hayausafishi moshi. Tumbaku ni ileile. Na moshi wa mvutaji humfikia mke na mtoto walio karibu, nao umethibitishwa kuwa husababisha saratani.

Kijana huyu yuko katika wakati mzuri wa kurudi. Aliyeacha sigara kwa miaka 10, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza seli za njia ya hewa walikuta kuwa kwa watu walioacha, hadi asilimia 40 ya seli zilikuwa karibu sawa na za mtu asiyewahi kuvuta. Seli zilizosalimika moshi ukiwapo, huchukua nafasi za zilizoharibika moshi ukiondoka. Pafu lina walinzi wake. Linaomba tu lisichomwe kila siku.

Kuna na jambo la jikoni. Wataalamu wa saratani wa kimataifa wameuweka moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani, na moshi wa kuni katika daraja la vitu ambavyo yamkini huisababisha. Asiyeweza kununua gesi apike nje au afungue madirisha, na asimbebe mtoto mgongoni mbele ya meko. Na yeyote mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili aende kupimwa kifua kikuu. Vipimo vikisema hakuna na kikohozi kikaendelea, au akatema damu, au akapungua mwili, asirudi nyumbani na dawa ya kikohozi tu; aombe picha ya kifua.

Kwa wazee wa binti tunasema kwa heshima: mlikuwa na haki ya kuuliza, maana kumtazamia mjukuu ni wajibu wa mzee. Lakini mliuliza kuhusu marehemu jambo ambalo mngemwuliza aliye hai. Mwulizeni kijana kama amepima selimundu, na binti naye apime. Mwulizeni kama ataacha moshi. Akijibu hayo mawili vizuri, hatuoni katika elimu ya jeni sababu ya kuikataa posa yake.

Na wewe mama, mpelekee mshenga ukurasa huu, kisha mwite mwanao. Usimwambie kuwa atakufa kama baba yake. Hilo si kweli, na limemchosha. Mwambie kuwa baba hakumwachia ugonjwa, na asijitafutie mwenyewe kile ambacho hakurithishwa. Inshaallah utuandikie tena, na tunatarajia barua ijayo itakuwa ya mwaliko.